Masikio Yasajiliwe Kabla ya Miguu: Funzo la D.J. Humphries Kansas City

Siku 343. Ndizo zilizopita tangu Desemba 31, 2023, mlinzi wa safu D.J. Humphries alipochanika kano ya goti akiwa na Arizona Cardinals, hadi Desemba 8, 2024, alipoingia tena uwanjani, safari hii akimlinda Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs. Klabu ilikuwa imemsajili wiki mbili tu kabla, msimu ukiwa umeshavuka katikati. Hakupitia kambi ya kiangazi wala hakucheza mechi ya kirafiki. Alipewa jezi, kitabu cha mbinu na nafasi ngumu kuliko zote katika safu ya mbele.

Usiku ule Chiefs waliwafunga Los Angeles Chargers 19-17. Mpira wa mpigaji wao Matthew Wright uligonga mlingoti wa kushoto ukaingia, muda ukiwa umekwisha, na Kansas City wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya tisa mfululizo. Humphries hakuimaliza mechi hiyo. Msuli wa nyuma ya paja ulimsaliti mwishoni, akatoka. Baada ya hapo alianza mechi moja tu zaidi, na fainali ya Super Bowl ilipofika, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Waliomhukumu walisema neno moja: ameshindwa. Mimi nasema hakupimwa. Naeleza hapa jinsi mlinzi wa safu aliyesajiliwa mwishoni mwa msimu anavyopaswa kupimwa, kwa nini kipimo cha Humphries kilikuwa kibovu tangu mwanzo, na kosa lenyewe lilikuwa la nani.

Kazi ya mlinzi wa pembeni

Kwa msomaji aliyezoea soka, tuanze na umbo la safu. Katika mpira wa Kimarekani, timu yenye mpira huweka walinzi watano mbele ya kwotabeki, yule anayepiga pasi. Katikati yuko senta anayeanzisha mchezo, kulia na kushoto kwake wapo walinzi wa ndani wawili, na mwisho wa kila upande yupo mlinzi wa pembeni. Wa pembeni kushoto ndiye ghali zaidi, kwa sababu kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, kama Mahomes, akijiandaa kupiga pasi huupa upande huo mgongo. Akishindwa mlinzi wa kulia, kwotabeki anaona hatari inakuja. Akishindwa wa kushoto, huenda asione kitu mpaka yuko chini.

Mlinzi huyu hufanya kazi akirudi nyuma. Mvamizi, yaani mpinzani anayemwinda kwotabeki, anakimbia mbele kwa kasi yake yote, naye anarudi kinyumenyume kwa hatua za pembeni, kifua wazi, mikono tayari, akijaribu kubaki kati ya mvamizi na kwotabeki. Pasi nyingi hutoka mkononi katika sekunde mbili na nusu hivi. Mahomes hushika mpira kwa muda mrefu zaidi mchezo unapovurugika, na mara nyingi hurudi nyuma zaidi ya pale walinzi wake wanapomtarajia. Akirudi hivyo, njia ya mvamizi anayezunguka kwa nje inakuwa fupi, na mlinzi aliyesimama mahali sahihi anaonekana kama aliyesimama vibaya. Asiyelijua hili atahesabu makosa ya mlinzi ambayo si ya mlinzi.

Pengo lilivyoanza

Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Eric Fisher alichaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya mwaka 2013, zoezi la klabu kuchagua wachezaji wapya, mwaka uleule kocha Andy Reid alipofika Kansas City. Januari 2021 Fisher alikatika kano ya kisigino katika nusu fainali dhidi ya Buffalo Bills. Wiki mbili baadaye, katika Super Bowl ya 55, Chiefs waliingia na safu ya kuungaunga. Mahomes alibanwa mara 29, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika fainali hiyo, na timu yake ikapigwa 31-9 na Tampa Bay Buccaneers.

Somo lilikuwa kali, na kwa muda likazingatiwa. Orlando Brown Jr. alinunuliwa kutoka Baltimore Ravens, Joe Thuney akasajiliwa kama mlinzi wa ndani kushoto, Creed Humphrey na Trey Smith wakapatikana kwenye drafti ya 2021. Brown alipoondoka mwaka 2023 akaja Donovan Smith kwa msimu mmoja. Smith naye alipoondoka, Chiefs waliingia msimu wa 2024 wakitegemea vijana wawili: Kingsley Suamataia, aliyetoka chuo mwaka huohuo, na Wanya Morris wa mwaka wa pili.

Suamataia alianza. Katika mechi ya pili, dhidi ya Cincinnati Bengals, mvamizi Trey Hendrickson alimsumbua mpaka akaondolewa, Morris akaingia. Morris aliishika nafasi kwa wiki nyingi, lakini kila wiki upande ule uliendelea kuvuja. Timu ilikuwa inashinda, na ushindi ukaufunika uvujaji. Ilipofika wiki ya 12 ndipo klabu ilipomwita Humphries, aliyekuwa mchezaji huru tangu Arizona ilipomwachia mwezi Machi.

Kwa jina, alikuwa mtu sahihi. Aliingia ligi mwaka 2015 akiwa chaguo la 24 katika drafti, kutoka Chuo Kikuu cha Florida. Aliichezea Arizona kwa miaka mingi kama mlinzi wa pembeni kushoto, na katika msimu wa 2021 alifika Pro Bowl, mechi ya wachezaji teule wa ligi. Lakini Kansas City walihitaji zaidi ya jina.

Mguu, mkono, sikio

Ukimpima mlinzi aliyekuja mwishoni kwa kuhesabu mara alizopitwa, utapata namba bila kujua sababu. Njia ninayoiamini ni kuchukua kila mchezo aliopoteza na kuuliza: alishindwa kwa mguu, kwa mkono, au kwa sikio?

Mguu huonekana katika hatua tatu za mwanzo. Mlinzi mwenye goti linaloaminika huruka nyuma kwa hatua ndefu na kutua imara. Mwenye goti linalomtia shaka hufupisha hatua ya kwanza, kisha hujaribu kufidia kwa kugeuza makalio mapema, na hapo mlango wa nje umefunguka. Kipimo cha pili cha mguu ni pale mvamizi anapoacha kuzunguka na kumsukuma moja kwa moja kifuani. Mlinzi hushuka kiuno, huchomeka mguu wa nyuma ardhini na kuzuia. Anayeogopa kuchomeka mguu atasukumwa mpaka mapajani mwa kwotabeki wake. Mwili husahau kuuamini mguu mapema, na kukumbuka huchukua muda.

Mkono ni suala la wakati. Ngumi ya mlinzi ikitangulia mno, mvamizi anaipangua na kupita. Ikichelewa, mvamizi anamshika kwanza. Wakati huo sahihi hauji kwa kusoma. Unakuja kwa kugongana na mtu halisi, siku baada ya siku, mkiwa mmevaa vifaa kamili.

Hapa ndipo kanuni za ligi zinapombana aliyechelewa. Mkataba wa mwaka 2020 kati ya ligi ya NFL na chama cha wachezaji unaruhusu mazoezi 14 tu ya vifaa kamili katika msimu wa kawaida, na 11 kati yake lazima yafanyike katika wiki 11 za kwanza. Humphries alifika wiki hizo zikiwa zimepita. Hata klabu ingeyatumia yote yaliyobaki, ni matatu. Mtu aliyekaa karibu mwaka mzima bila mechi alitakiwa kuirudisha mikono yake kwa mazoezi matatu, au airudishe usiku wa mechi, mbele ya klabu yenye wavamizi Khalil Mack na Joey Bosa.

Sikio ndilo ambalo watazamaji wengi hawalihesabu, nami naliona kubwa kuliko yote. Safu ya watu watano huzungumza. Senta anatangaza nani ni mvamizi wa kuangaliwa, mlinzi wa ndani anampasia jirani yake ujumbe, na kabla ya mpira kutoka wote watano lazima wawe na jibu moja. Wavamizi wawili wanapopishana, mmoja akikata ndani na mwingine akizunguka nje, mlinzi wa ndani na wa pembeni hubadilishana watu bila kuangaliana. Wakichelewa nusu sekunde, wawili wanamfuata mtu mmoja na mwingine yuko huru. Kila klabu ina maneno yake kwa mambo hayo. Humphries alikuwa na miaka mingi ya lugha ya Arizona, akapewa wiki mbili kuisahau na kujifunza nyingine.

Ukitenganisha hivyo, msuli wa paja uliomtoa katika mechi ya Chargers unasema kitu. Goti lililopona linaweza kubeba mtu, lakini kuubeba mwili wa karibu kilo 140 kwa kasi, kinyumenyume, mchezo baada ya mchezo, kunahitaji misuli iliyoandaliwa kwa miezi. Hakuumia mwanzoni akiwa na nguvu. Aliumia mwishoni. Kwangu hiyo ni dalili ya mwili uliodaiwa deni ambalo haukuwa umewekewa akiba.

Vipimo viwili visivyopima

Mechi yake ya pili ilikuja Januari 5, 2025, huko Denver. Chiefs walikuwa wameshajihakikishia nafasi ya kwanza, hivyo wakawapumzisha wachezaji wengi muhimu, Mahomes akiwemo. Carson Wentz akashika nafasi ya kwotabeki. Denver Broncos walihitaji ushindi ili wafuzu, na msimu ule waliwaangusha makwotabeki mara 63, wakiongoza ligi nzima. Uwanja wao uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali pagumu kwa mapafu ya mtu anayetafuta pumzi ya mechi. Matokeo yakawa 38-0.

Kwa hiyo benchi la ufundi lilikuwa na mechi mbili za kumhukumu. Ya kwanza aliicheza wiki mbili baada ya kusajiliwa, bila maandalizi, akaishia majeruhi. Ya pili aliicheza katika kikosi kilichoachwa bila nguzo zake, ugenini, dhidi ya wavamizi wakali kuliko wote wa msimu. Ukimpima mtu joto akitoka kukimbia juani, kipimajoto hakijakudanganya, lakini nawe hujaujua ugonjwa wake.

Siwalaumu Andy Reid na kocha wa safu, Andy Heck, kwa uamuzi waliouchukua baada ya hapo. Reid mwenyewe alicheza kama mlinzi wa safu chuoni Brigham Young, na kazi hii anaijua kwa mwili wake. Januari hakuna muda wa kumsubiri mtu. Walichokuwa nacho ni Thuney, ambaye tangu Desemba 15, dhidi ya Cleveland Browns, alikuwa amehamishwa kutoka ndani kwenda pembeni, na timu ilikuwa imeshinda naye hapo. Kwa uwezekano uliokuwapo, kubaki na Thuney kulikuwa sahihi.

Jiwe lililochomolewa

Lakini uamuzi sahihi unaweza kuwa na bei. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chiefs waliuziba ufa, ila kwa kuchomoa jiwe la ukuta uleule. Thuney alikuwa mlinzi bora wa ndani kushoto katika ligi, mteule wa kikosi cha kwanza cha All-Pro, wachezaji bora wa msimu, mwaka 2023 na tena 2024. Akiwa ndani, mikono yake mifupi haikuwa tatizo, kwa sababu pale mtu hupigana karibu na akili ndiyo silaha. Akiwa pembeni, urefu wa mkono ndio unaomweka mvamizi mbali na kifua. Nafasi aliyoiacha ndani akapewa Mike Caliendo, aliyeingia ligi bila kuchaguliwa katika drafti. Sehemu moja dhaifu ikawa mbili.

Kwa wiki kadhaa mpango ulishikilia. Houston Texans walitolewa 23-14, Buffalo Bills 32-29. Kisha Februari 9, 2025, mjini New Orleans, wakakutana na Philadelphia Eagles, Chiefs wakitafuta Super Bowl ya tatu mfululizo.

Eagles walifanya jambo ambalo kila mchambuzi wa safu anapaswa kulikumbuka: katika mechi nzima hawakuongeza mvamizi hata mara moja. Walituma watu wanne dhidi ya walinzi watano, wakawabakiza saba kulinda pasi. Hata hivyo Mahomes aliangushwa mara sita, nyingi kuliko mechi yoyote ya maisha yake. Josh Sweat peke yake alihesabiwa mara mbili na nusu, Milton Williams mara mbili. Kufikia mapumziko ilikuwa 24-0, baadaye 34-0, na mwisho 40-22.

Wanne wakiwashinda watano, hakuna mbinu iliyowadanganya. Wameshindwa mtu kwa mtu, kazi kwa kazi. Na ukirudi nyuma kutoka fainali ile, njia inapita kwa Caliendo, inapita kwa Thuney aliyehamishwa, inapita kwa Humphries aliyeumia, na kuishia Septemba, pale klabu ilipoanza safari na vijana wawili bila mtu mzima wa akiba.

Aliyefanikiwa, na sababu yake

Kansas City haohao wana mfano wa msajiliwa wa katikati ya msimu aliyefaulu. Oktoba 2019 walimchukua Stefen Wisniewski, na katika mechi za mtoano alikuwa mlinzi wa ndani kushoto, mpaka wakaifunga San Francisco 49ers 31-20 katika Super Bowl ya 54. Kwa nini yeye aliweza?

Alifika mapema zaidi, akakaa wiki nyingi akisikiliza kabla ya kuitwa. Hakuwa anatoka kwenye goti lililochanika. Na alicheza ndani, penye jirani kulia na jirani kushoto. Mlinzi wa ndani akikosea hatua, senta anaweza kumfidia. Wa pembeni akikosea, nje yake kuna nyasi tu. Ndiyo maana usajili wa dharura ndani ya safu huweza kulipa, na wa pembeni mara nyingi haulipi.

Mfano wa pili unanigusa zaidi, kwa sababu unafanana na Humphries. Katika drafti ya 2025 Chiefs walimchagua Josh Simmons, mlinzi wa pembeni wa Ohio State, akiwa chaguo la 32. Simmons naye alikuwa majeruhi wa goti, aliyeumia Oktoba 12, 2024 dhidi ya Oregon. Septemba 5, 2025 alianza mechi ya kwanza ya msimu kama mlinzi wa pembeni kushoto. Zilikuwa zimepita siku 328, karibu miezi 11, kama Humphries. Na mpinzani wa siku hiyo, mjini São Paulo, alikuwa Chargers, yuleyule aliyempokea Humphries.

Najua tofauti zao. Simmons ni kijana, Humphries alikuwa anakaribia miaka 31. Jeraha la Simmons lilikuwa la kano nyingine. Lakini tofauti ambayo klabu iliimiliki yenyewe ni hii: Simmons alikuwa ndani ya jengo tangu Aprili. Goti likiwa bado linapona, alikuwa amekaa kwenye chumba cha vikao, anatazama picha za mechi, anajifunza maneno ya senta wake na tabia ya kurudi nyuma ya kwotabeki wake. Miguu ilipokuwa tayari, masikio yalikuwa yamemaliza darasa.

Humphries angeweza kupewa hayo. Alikuwa huru kuanzia Machi, na ligi ina orodha maalumu ya wachezaji wasio fiti inayoruhusu klabu kumsajili mtu kabla ya kambi, kumtibu na kumfundisha bila kumchezesha. Ingegharimu mshahara wa miezi kadhaa kwa mtu ambaye hana hakika ya kupona. Hiyo ni gharama halisi, na mkurugenzi wa klabu ana haki ya kuiogopa. Lakini ilinganishe na bei iliyolipwa New Orleans.

Hukumu

Humphries sasa amebaki katika vitabu vya Kansas City kwa mstari mmoja: mechi mbili, zote akianza. Mstari huo hausemi kwamba aliletwa kuziba pengo lililoachwa wazi kwa miezi mitatu, akiwa na goti ambalo halikuwa limegonganishwa na mtu, na lugha ambayo hakuwa ameizoea.

Kwa yeyote anayesajili, anayefundisha au anayechambua: mchezaji akija amechelewa, usianze kwa kuhesabu mara alizoanguka. Uliza amepewa mazoezi mangapi, amekaa na jirani zake siku ngapi, na nani aliyeacha nafasi ile wazi kabla hajafika. Kama unajua utamhitaji Desemba, mwite Julai, hata kama anachechemea. Mguu unaweza kuusubiri upone. Sikio ukilisajili wiki ya 12, umeshachelewa.